Daftari la Mkunga na Programu Tatu

Mtu akiingia kibandani kwangu hapa Msambweni na kuniuliza ni programu ipi ya ofisi iliyo bora, mimi humuuliza kwanza anaishi wapi. Wengi hudhani nawapiga chenga. Wamekuja na laptopu mpya, wanataka jibu la neno moja, nami nawafungulia mahakama: Kwenu umeme ukoje? Mtandao unashika? Hiyo kazi, baada yako, ataisoma nani? Nina hasira za karibu, nakiri, na hakuna kinachonipandisha kama mtu anayetaka kitu kwa sababu jirani yake anacho.

Kazi yangu ni kupiga chapa, kuprinti, na kuwawekea watu programu za kuandikia barua na kuchora majedwali. Nazijua tatu vizuri, na sitazitaja majina kwa kuwa hakuna hata moja inayonilipa. Ya kwanza ni ile ya kulipia kila mwaka, ambayo maofisi yote yanaijua. Ya pili ni ya bure: unaipakua mara moja, inakaa ndani ya mashine yako, haikuulizi kitu tena. Ya tatu haikai popote ndani ya mashine. Unaifungua mtandaoni, na kazi yako inabaki huko huko.

Nitakwambia ninavyozipenda, maana nazipenda zote kwa zamu.

Ile ya kulipia naiheshimu kwa adabu yake ya safari. Kuna fundi wa makuti, mteja wangu wa siku nyingi, anayeezeka mabanda ya hoteli za Diani. Zamani alikuwa akitumia ile ya bure, akipeleka maombi yake ya kazi na picha za mapaa aliyoezeka. Huku kwake ukurasa ulikuwa umetulia vizuri. Ukifika kwa meneja wa hoteli, picha ya paa imeteleza imekaa juu ya sahihi yake, na jina lake halionekani. Nilipomhamishia kwenye ile ya kulipia, barua zake zikawa zinafika kama zilivyoondoka. Aliniletea madafu sita kwa furaha, nikayanywa kwa siku mbili.

Ile ya bure ndiyo iliyonifundisha kutodharau kitu kwa sababu hakina bei. Mfugaji mmoja wa Kinango, ambako maji yenyewe ni ya kutafuta, sembuse mtandao, alikuja na mashine kuukuu iliyojaa vumbi hadi katikati ya vitufe. Nilimwekea ile ya bure. Sasa kila mbuzi wake ana mstari wake: alizaliwa na yupi, alichanjwa lini, anapenda kuruka ua au la. Mbuzi wa mtu yule wana kumbukumbu nzuri kuliko watu wengi ninaowajua. Na programu ile imekaa kimya ndani ya mashine yake kuukuu, inafanya kazi, haijaomba bando hata siku moja.

Na ile ya mtandaoni, wacha nikwambie, mara ya kwanza kuiona nilipiga kelele. Nyumba moja ya wageni kule Diani inaandika vyumba vyake katika jedwali moja. Mwenye nyumba yuko zake Mombasa, mpishi yuko jikoni, msafishaji yuko ghorofani na simu yake, na wote watatu wanaandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, kila mtu na kishale chake chenye rangi yake. Nilikaa nikaangalia kile cha kijani kikikifuata kile cha waridi kutoka chumba hadi chumba, nikasahau nilichoitiwa. Juu ya hayo, programu ile haisahau. Ukiharibu leo, unarudi kwenye kazi yako ya jana, au ya mwezi uliopita, kama hukuigusa. Hilo la kutosahau liweke akilini, kwa sababu mimi nililidharau.

Mama yangu mkubwa, dada ya mama yangu, anaishi Mkwiro, kule mwisho wa kisiwa cha Wasini. Amekuwa mkunga tangu kabla sijazaliwa, na mimi mwenyewe nilipokelewa na mikono yake. Nilikuja na mwenzangu. Yeye hakufika siku ya saba, siku ambayo mtoto hupewa jina, na kwa kuwa hakuwa na jina, habari yake nyumbani kwetu iliishia hapo. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinitajia mara moja tu nikiwa tayari mtu mzima. Alikuwa akichagua mchele na hakuinua macho. Kwa wadogo zangu wote mimi ndiye kifungua mimba, na ukubwa huo nimeutumia vizuri, hasa wakati wa kugawa mnofu.

Mama mkubwa alikuwa na daftari. Daftari nene la jalada gumu, lililovimba kwa unyevu wa chumvi, ambamo kila mtoto aliyempokea ana mstari wake mmoja: siku, jina la mama, na nyumba. Jina la mtoto halimo, maana yeye kazi yake huwa imekwisha kabla ya siku ya saba. Ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na bila nukta, kwa sababu alifundishwa na baba yake aliyeona nukta ni za wanafunzi. Mimi nimesoma chuo cha Kurani, Msahafu nausoma, lakini mwandiko ule ulinishinda. Ulimshinda na maalimu wa pale kijijini. Duniani alikuwapo msomaji mmoja tu wa daftari lile, naye alikuwa anapoteza macho.

Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kuingia ukungu, na la kushoto lilikuwa linafuata. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, anaweza kutolewa, asubiri zamu yake.

“Nimezalisha kisiwa kizima,” alisema, “na huyu mmoja wa jichoni mwangu hataki kutoka.”

Alicheka, lakini aliogopa. Watu huja hadi leo kumuuliza siku zao, watu wazima wenye ndevu, wanaotafuta vyeti vilivyochelewa na hawana pengine pa kuuliza. Walikuja kutoka Shimoni, kutoka Msambweni, mmoja alitoka Taru, mama yake alikuwa wa hapo kisiwani. Mama mkubwa alikuwa akifungua daftari, akipitisha kidole, akisoma, na mtu anaondoka anajua siku yake. Macho yakizima kabla hatujaliandika upya, na upasuaji usipofaulu, siku za watu wote wale zingekuwa karatasi tu. Hilo ndilo lililonivusha maji kwenda kisiwani kila Jumamosi, mimi nisiyependa kulowa.

Kuhusu programu sikufikiri mara mbili. Mtandao nyumbani kwake ulikuwa unashika ukisimama karibu na tangi la maji, na mimi sikuwa na nia ya kuandika nimesimama. Ile ya kulipia ilikuwa kwenye mashine ya kibandani, siibebi baharini. Basi nilichukua ile ya bure katika laptopu yangu ndogo.

“Shikamoo, mama mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na hilo sanduku lako?”

“Nimekuja nalo.”

“Haya, lifungue tulishe.”

Nilimwonyesha jedwali kwa fahari, ingawa sidhani aliona zaidi ya mwanga. Nilimweleza safu ya kwanza ni ya siku, ya pili ni ya mama, ya tatu ni ya nyumba. Siku zake zilikuwa za miezi yetu ya zamani, mfunguo mosi, mfunguo pili, mpaka mfunguo tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Nilishawahi kujaribu programu zote tatu na tarehe za Kiislamu. Mbili kati yake huzionyesha ukijua pa kubofya, nazo nazisifu kwa hilo, lakini hakuna hata moja iliyowahi kusikia mfunguo sita. Nikaziandika kama maneno ya kawaida, na programu ikazipokea bila kubisha.

“Tuweke na safu ya namba pembeni,” nilimwambia. “Moja, mbili, tatu. Tujue wako wangapi.”

Alilifunga daftari.

“Watoto wa watu hawahesabiwi,” alisema. “Hesabu kuku wako. Mimi sijawahesabu tangu nianze, na wewe hutawahesabu humu nyumbani mwangu.”

Sikubishana. Hata mama yangu alikuwa hivyo, ukimuuliza ana watoto wangapi atakwambia Mungu ameruzuku. Programu yenyewe huweka namba zake ndogo pembeni mwa kila mstari, utake usitake, lakini hizo sikumwambia.

Basi tukaanza. Alikaa karibu na dirisha, daftari likiwa vidole vitatu kutoka puani, akawa anasoma nami naandika. Sijapata kuona kazi kama ile. Hakuwa anasoma tu, alikuwa anawaona. Anasoma siku, jina la mama, nyumba, kisha anaongeza la kwake lisilo daftarini: huyu alikuja miguu mbele, huyu mama yake aliimba mpaka mwisho, huyu babake alizimia ukumbini tukawa na wagonjwa wawili. Kurasa zingine zilikuwa zimegandana, tukawa tunazitenganisha kwa kisu cha siagi. Adhana ikilia anaweka kidole, anaondoka kwenda kuswali, na akirudi kidole hakikumbuki kilikuwa wapi. Hapo tunaanza ukurasa upya ili tusimruke mtu.

Tulimaliza baada ya Jumamosi nyingi. Kuanza upya kule ndiko kulikonipa wasiwasi. Nilijua pengine nimewaandika watu mara mbili. Na programu ile ya bure, katika uzuri wake, ina amri ya kutafuta mistari inayofanana neno kwa neno na kuiondoa. Asubuhi moja, nimekaa kibandani na chai yangu na mahamri, niliibofya. Ikafikiri kidogo, ikaniambia imepata mistari tisa inayojirudia, na imeiondoa. Mistari tisa, bila mimi kusoma hata mmoja! Nilimwita fundi viatu wa jirani aje aone maajabu. Kisha nikahifadhi kazi, nikainakili kwenye flashi juu ya nakala ya zamani, nikafunga. Mimi, ambaye niliwahi kumgombeza mwalimu mkuu mzima, mbele za watu, kwa kutoweka nakala mbili.

Siku ya upasuaji ilipotangazwa, jicho la kushoto nalo lilikuwa limejaa ukungu. Aliniita.

“Kabla sijaenda huko, nataka nilisikie lote,” alisema. “Nisije nikafunguliwa macho nikakuta umeandika upuuzi.”

Nikaenda nikamsomea. Alikaa mkekani ameegemea ukuta, macho amefumba, na kila mstari anauitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimefika kwa mama mmoja wa nyumba iliyo nyuma ya msikiti, nikasoma, nikaendelea na wa pili. Akainua mkono.

“Rudi.”

Nikarudi, nikasoma tena.

“Na mwenziwe?”

“Mwenziwe nani?”

“Bibi yule siku ile alijifungua wawili. Niliwaandika wawili. Mistari miwili.”

Nilimweleza taratibu, kama ninavyowaeleza wateja, kwamba siku ni ileile, jina la mama ni lilelile, nyumba ni ileile, kwa hiyo mashine iliona mstari umejirudia, ikaona ni kosa.

“Mashine imezalisha lini?” aliuliza.

Niliona aibu, na mimi nikiona aibu hukasirika. Nikamuuliza kwa nini basi hakuandika neno pacha, mtu akajua.

“Niandike pacha ya nini? Kila mmoja alikuja na roho yake, nikampa mstari wake. Mwenye kusoma ataona wawili.”

Nilichukua daftari lenyewe nikajaribu kutafuta mistari inayofanana kwa umbo tu, lakini bila nukta zile mistari yote ilifanana, na nusu ya akina mama walikuwa wamejifungua mara sita au saba. Kama kazi ile ningekuwa nimeiandika katika ile ya mtandaoni, ningebofya historia, nikachagua siku moja kabla ya ujinga wangu, na wote tisa wangerudi wamekaa mahali pao. Niliifikiria kwa uchungu, kwa namna mtu anavyomfikiria rafiki mwema aliyemsema vibaya.

Ilibaki kumbukumbu ya mama mkubwa. Nikalisoma tena jedwali tangu ukurasa wa kwanza, polepole, na mwanamke yule, mwenye macho yaliyofumba, akawarudisha mmoja mmoja. “Hapo wawili.” Nasoma kurasa kadhaa. “Hapo wawili, wasichana, mmoja yuko Kwale anafundisha.” Hakukosea. Mara nyingine alinisimamisha kabla sijamaliza jina la mama. Programu zote nilizozisifu katika maisha yangu, na bado nazisifu, hakuna iliyowahi kuniacha mdomo wazi namna ile. Mstari mmoja kati ya tisa ndio uliokuwa kosa la kweli, tuliouandika mara mbili baada ya swala. Huo nao aliujua.

Upasuaji, alhamdulillahi, ulikwenda vizuri, na siku hizi ananiona vya kutosha kuniambia nimenenepa. Daftari sasa linaishi kote kutatu: katika ile ya bure, kwenye laptopu ninayokwenda nayo kumsomea, katika ile ya kulipia, kwa ajili ya kuprinti kurasa safi za kupeleka ofisini, na katika ile ya mtandaoni, kwa sababu nimejifunza. Mtu akiniuliza ipi bora, namuuliza anaishi wapi, kisha naongeza swali la pili: na ukifuta kwa makosa, nani atakukumbusha?

Lakini siku ile ya kusoma, kabla ya hospitali, tulikuwa tumerudisha saba, na wa kosa tumemwacha alipo. Alibaki mmoja. Mimi nilishajua. Nilijua tangu nilipouona ukurasa, na nilisoma mistari iliyotangulia polepole mno mpaka akaniuliza kama nimechoka. Kisha nikasoma: mfunguo sita, jina la mama yangu, nyumba yetu. Mstari mmoja.

Safari hii hakusema “hapo wawili”.

“Huyu ni mimi,” nilisema. “Mwenzangu ndiye niliyemfuta. Kwingine kote duniani hakuandikwa, ila hapa, na mimi nimemfuta kwa mkono wangu.”

Nililia, sioni haya kusema. Aliniacha nilie kidogo, kisha akafumbua macho, akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

“Hiyo mashine ikiona mistari miwili, hufuta wa juu au wa chini?”

“Wa chini. Hubakisha wa kwanza.”

Alifikiri, midomo ikitembea.

“Basi huyo hapo si wewe,” alisema. “Yeye ndiye aliyetangulia. Nilimpokea, nikamfunga kitambaa, nikageuka, ukaja wewe. Na hivyo ndivyo nilivyowaandika. Yeye yumo. Wewe ndiye hayupo.”

Miaka yote hiyo mimi kifungua mimba. Niliutazama mstari ule, ukiwa na jina la mama yangu, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona kaka yangu mkubwa.

Nilibofya chini yake, nikaingiza mstari mtupu. Zile namba za pembeni, ambazo mama mkubwa hazijui, zikabadilika zote mara moja mpaka mwisho wa jedwali: kila mtoto aliyezaliwa kisiwani baada yetu alishuka hatua moja kunipisha. Nikaandika siku ileile, jina lilelile la mama, nyumba ileile.

“Umeingia?” aliuliza.

“Nimeingia, mama mkubwa.”

“Chini yake?”

“Chini yake.”

“Haya,” alisema, akafumba macho tena. “Soma anayefuata.”